Imam Abu Hanifa na Nguo Yenye Dosari

Ukisikia jina la Imam Abu Hanifa, bila shaka akili yako inaenda kwenye fiqhi na fat'wa. Lakini je, wajua kwamba alikuwa mtu wa duka? Nu'man bin Thabit, ndilo jina lake, alizaliwa Kufa, Iraq, mwaka 80 Hijria (699 Miladia). Aliuza vitambaa vya hariri, na faida yake aliwasaidia nayo wanafunzi wake.

Hebu sikiliza wanayosimulia walioandika maisha yake. Alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdulrahman, mzigo wa vitambaa, na ndani yake mlikuwa na nguo moja yenye dosari. Akamsisitiza asiiuze kabla ya kumwonyesha mnunuzi ile dosari. Hafs akauza, akasahau kusema, na mnunuzi hakujulikana ni nani wala ameenda wapi. Imam alipopata habari, alitoa sadaka pesa za mzigo wote. Si za ile nguo peke yake!

Siku nyingine mama mmoja alimletea nguo ya hariri, akataka dirham 100. Imam akamwambia thamani yake ni zaidi. Mama akaongeza mia, tena mia, mpaka ikafika 400, na Imam bado anamwambia ni zaidi. Mama akaona anachezewa. Basi akaitwa mtu wa kuikadiria, na Imam akainunua kwa 500.

Kijana mwenzangu, umeona? Akiuza, anafichua aibu ya mali yake. Akinunua, anafichua thamani ya mali ya mwenzake. Na sisi je? Asiyejua bei tunamwita mshamba, na aliyemlalia tunamwita mjanja. Kondakta akizidisha chenji, twanyamaza. Pesa zikiingia kwa simu kimakosa, twazima simu, ati ni riziki. Riziki gani hiyo, na mwenyewe analia?

Mtu kama huyo hanunuliki. Khalifa Abu Jaafar al-Mansur alipomtaka awe kadhi, Imam alikataa, akatiwa gerezani. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767 Miladia), mwaka ambao alizaliwa Imam Shafii, ambaye wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu yake.

Ndugu yangu, Ramadhani hii tunajizuia hata maji yetu wenyewe ya halali, na hakuna anayetuona ila Allah. Itakuwaje basi tufuturu kwa cha mtu? Kama una haki ya mwenzako mkononi, mrudishie leo kabla ya adhana ya Magharibi. Usingoje mpaka aje kukudai.

Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake, na atukubalie funga zetu. Amin.