Siti binti Saad: Mwimbaji wa Machungu ya Wengine

Jina alilopewa alipozaliwa kijijini Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka wa 1880 hivi, lilikuwa Mtumwa. Halikuwa jina la mzaha. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na wote wawili walitoka katika tabaka la watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka wa 1897, binti huyo alikuwa amekwisha kuwa mwanamwali. Kazi yake ilikuwa vyungu: kuvitwika kichwani, kutembea navyo hadi mjini na kuvinadi mitaani. Wanaomsimulia aghalabu huikimbilia sauti aliyonadia na kuisahau njia yenyewe. Ilhali ni katika safari hizo alikowajua watu ambao baadaye aliwaimba.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini, akafunzwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akashirikiana na wanamuziki kama vile Subeit bin Ambari na Maalim Shaaban. Hakujua kusoma wala kuandika. Huko ndiko alikotunukiwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Hata hivyo, si wote waliomkubali. Ulitungwa wimbo wa kumkejeli, ukimkumbusha kaniki yake na kudai kwamba hana cha kujivunia ila sauti. Naye alijibu kwa wimbo, akaitanguliza akili mbele ya sura na nasaba.

Ikumbukwe kwamba taarab ilikuwa burudani ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha uswahilini, Ng'ambo, walikoishi wachukuzi, vibarua na wapishi. Waliosikiliza walijisikia wenyewe ndani ya nyimbo zile: dhuluma ya wenye mali, mume mpiga mke, hakimu asiyesikia.

Wimbo unaodhihirisha jambo hili zaidi ni ule wa Kijiti. Mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, alichukuliwa na mtu wa jina hilo kwenda ngomani, akauawa. Muuaji alivuka bahari akatorokea bara. Kesi ilipofika mbele ya jaji wa kikoloni, waliotiwa kizuizini ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Mgeni asiye na jamaa mjini angesahauliwa upesi. Mashahidi nao wangebaki na aibu. Siti aliwasimamia wote. Hakumhubiria mtu amwonee marehemu huruma: alieleza tu yaliyotendeka, akakumbusha kwamba roho zilizopotea zilikuwa mbili. Aisifuye mvua imemnyea. Aliyewahi kuitwa Mtumwa hakuhitaji kuelezwa maana ya kutosikilizwa.

Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Ziliuzwa kote katika pwani ya Afrika Mashariki, na watu wakakusanyika mikahawani kuzisikiliza. Pengine hukumu ile ya mahakamani ilijulikana zaidi kwa santuri kuliko kwa maandishi yoyote ya serikali.

Siti alifariki mwezi wa Julai 1950. Kabla ya hapo, Shaaban Robert alikuwa amemwendea, akaketi naye na kumsikiliza akisimulia maisha yake. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa kitabu Wasifu wa Siti binti Saad, ambamo binti wa Fumba asiyejua kalamu aliandikwa na bingwa wa kalamu.