Harriet Powers, Mama Aliyehubiri kwa Sindano

Tarehe 29 Oktoba mwaka 1837, karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia, nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Harriet. Alizaliwa katika utumwa. Tena tangu mwaka 1829 palikuwa na sheria katika Georgia iliyokataza watumwa wasifundishwe kusoma wala kuandika, kwa maana wakubwa wa nchi waliogopa kwamba mtumwa ajuaye kusoma hatakaa kimya.

Mwaka 1855 Harriet aliolewa na Armstead Powers, nao wakapata watoto wengi. Vita vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watumwa wakawekwa huru. Lakini uhuru haukuja pamoja na mali. Harriet na mumewe walifanya kazi kwa jasho miaka mingi, hata katika miaka ya 1880 wakapata kununua shamba lao wenyewe, eka 4.

Katika nchi ile wakati wa baridi huwa ni mkali, na wanawake walikuwa na desturi ya kushona mfarishi, yaani nguo nene ya kujifunika kitandani, iliyoungwa kwa vipande vya nguo. Harriet alikuwa fundi wa kazi hiyo. Lakini yeye hakuunga vipande kwa ajili ya kupata joto tu. Alikata nguo kwa umbo la watu, wanyama, nyota na jua, kisha akazishona juu ya nguo nyingine, ili mtu akitazama aone habari kamili. Wataalamu wengine wameona kwamba kazi yake yafanana na ile ya mafundi wa Dahomey, katika Afrika ya Magharibi, walioshona habari za wafalme wao kwa njia hiyo hiyo.

Mfarishi wake wa kwanza unaojulikana ulikuwa na picha 11, zote za Maandiko Matakatifu. Ndani yake wamo Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni, Kaini akimwua Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana Yesu, Yuda na vipande 30 vya fedha, Chakula cha Bwana, na msalaba. Mwaka 1886 Harriet aliuonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwanamke mmoja mzungu, Jennie Smith, mwalimu wa uchoraji, alipouona alistaajabu, akataka kuununua. Harriet akakataa, hakukubali kuuuza kwa bei yo yote.

Basi miaka michache ikapita, na hali ya maisha ikawa ngumu sana. Harriet akapanda gari la ng'ombe, mfarishi ameupakata, umefungwa ndani ya gunia safi la unga na kufunikwa tena kwa gunia jingine, akaenda kwa Jennie Smith. Akaomba dola 10. Mwalimu yule akasema kwamba anazo 5 tu. Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe, kisha akarudi, akazipokea zile 5. Huzuni yake ilikuwa kubwa. Ilipungua kidogo tu mwalimu alipomwahidi kumwekea vipande vyake vyote vya nguo vilivyosalia. Hata baadaye Harriet alirudi mara kadha wa kadha kuutazama mfarishi wake, kama vile mama aendavyo kumjulia hali mtoto wake aliye mbali.

Lakini siku ile ya kuuza alifanya jambo kubwa. Hakuutoa mfarishi ukiwa bubu. Alisimama mbele yake, akaeleza picha moja moja maana yake, kwa bidii na kwa moyo; naye Jennie Smith akayaandika maelezo hayo. Kama yasingaliandikwa, leo tungaliona wanyama na watu waliokatwa kwa nguo, tusijue mengi ya mawazo ya yule aliyewakata.

Mwaka 1895 mfarishi huo ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Atlanta. Kisha Harriet akashona mwingine, wenye picha 15, ambao mwaka 1898 wake wa walimu wa chuo kikuu cha Atlanta walimpa Mchungaji Charles Cuthbert Hall wa New York. Huo nao una habari za Maandiko: Yona, Ayubu, na Musa akiinua nyoka jangwani. Lakini humo aliweka pia mambo ambayo wazee walisimulia: siku ya giza ya mwaka 1780, na usiku wa mwaka 1833 nyota zilipoanguka, watu wakadhani kwamba mwisho wa dunia umefika, bali mkono wa Mungu ukazizuia. Yumo hata nguruwe mmoja aitwaye Betts, aliyekimbia maili 500 toka Georgia hata Virginia. Aliyekuwa mtumwa hakumsahau mnyama aliyejipatia uhuru wake.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba Harriet hakujua kusoma, na kwamba aliyashona aliyoyasikia tu kanisani. Lakini katika miaka yetu hii imepatikana nakala ya barua yake ya mwaka 1896. Humo aeleza ya kuwa alifundishwa kusoma na watoto wa kizungu, kisha akaendelea kwa kujisomea Biblia mwenyewe. Sheria ilimkataza, naye akasoma.

Harriet alifariki tarehe 1 Januari 1910, akazikwa Athens. Jiwe la kaburi lake lilisahauliwa, likaonekana tena mwaka 2005. Mfarishi wa kwanza umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Washington, na wa pili mjini Boston.

Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za Dorkasi, ambaye alipokufa wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Nguo zake zilionekana, lakini neno lake hata moja halikuandikwa. Harriet ametuachia vyote viwili, nguo na maneno, kwa sababu alisema na mtu akamsikiliza. Basi, ninyi walimu na wazee wa kanisa, katika sharika zetu wamo akina mama wasukao mikeka na vikapu, au wafumao vitambaa vya madhabahu. Msizisifu kazi zao tu na kuzitandika. Mwulizeni kila mama kazi yake yasema nini, mkaandike majibu yake pamoja na jina lake, angali hai.