Mchungaji Bodelschwingh na Sheria ya Watu wa Njiani

Wasomaji wetu wengi wa Usambara na wa Bukoba wamelisikia jina la Betheli tangu utoto wao, kwa kuwa kutoka huko walitumwa wachungaji, mashemasi na masista waliowahudumia wazee wetu. Hata hivyo ni wachache wamjuao Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kwa kazi aliyoifanya uzeeni, alipoingia katika baraza la kutunga sheria la Prusia. Habari hiyo ndiyo tutakayo kuisimulia hasa.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 katika nchi ya Westfalen, upande wa magharibi wa Ujerumani. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme wa Prusia, hata mtoto akapata kucheza pamoja na mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Ila moyo wake haukuvutwa na mambo ya ikulu. Alijifunza kwanza kazi ya kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pomerania. Kisha akasoma elimu ya dini akitumaini kutumwa kwa mataifa ya mbali. Njia ikampeleka Paris mwaka 1858, kwa Wajerumani maskini waliofagia barabara za mji ule mkubwa. Mwaka 1864 akarudi kwao, akawa mchungaji wa Dellwig.

Mwezi wa Januari 1869 watoto wake wanne, ndio wote aliokuwa nao wakati ule, walikufa wakifuatana kwa muda wa majuma mawili hivi. Hatutasema mengi juu ya siku hizo. Mwenyewe alikiri baadaye ya kuwa msiba ule ndio uliomfundisha kuwahurumia watu.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kuitunza nyumba ya wenye kifafa, iliyoanzishwa mwaka 1867. Nyumba ile ikaitwa Betheli, ikakua hata kuwa kama mji, yenye karakana na mashamba, kila mgonjwa akipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake. Kazi hiyo ndiyo iliyompa sifa. Lakini wageni wa namna nyingine walikuwa wakibisha mlangoni, nao hawakuwa wagonjwa.

Baada ya mwaka 1873 biashara ya Ujerumani ilianguka, viwanda vikafungwa, na wanaume wengi wakashika njia kutafuta kazi. Hapo pana jambo linalotupasa kulifahamu sawasawa. Kwa sheria ya mwaka 1870, mtu alikuwa na haki ya kusaidiwa mahali alipokaa miaka 2; na akiwa mbali na mahali hapo miaka 2, haki yake ilipotea. Na kwa sheria ya adhabu ya mwaka 1871, mwenye kuombaomba au kuzurura alifungwa hata majuma 6, na baada ya kifungo aliweza kutiwa katika nyumba ya kazi ya lazima hata miaka 2. Basi mtu aliyefukuzwa kazini akatembea mji hadi mji alibanwa kati ya sheria mbili: ya kwanza ilimnyima kwao, na ya pili ilimwadhibu kwa kukosa kwao.

Bodelschwingh hakupenda kuwapa fedha mkononi, maana aliona zaishia katika nyumba za pombe. Alitaka wapewe kazi, na kwa kazi hiyo chakula na kitanda. Mwaka 1882 akafungua Wilhelmsdorf, katika nchi ya mchanga karibu na Bielefeld, iwe makao ya kazi kwa watu wa namna hiyo, ya kwanza katika Ujerumani yote. Mengine yakafuata, na vituo vingi vikawekwa kandokando ya njia, ambapo msafiri alipasua kuni au kuponda mawe, akala, akalala. Lakini vituo vile vilitegemea hiari ya wilaya. Moja ilivitunza, jirani yake ikavifunga ili maskini wapite upande mwingine. Ndipo alipoona ya kuwa huruma ya watu wema haitoshi pasipo amri ya serikali.

Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka 72, alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la Prusia. Wazee wa umri ule kwa desturi hutafuta kiti cha kupumzikia. Yeye alihangaika huku na huku akiwasihi mawaziri na wajumbe wa kila chama. Sheria ikapatikana tarehe 29 Juni 1907. Iliruhusu baraza la kila jimbo kuzilazimisha wilaya zake ziweke vituo vya kazi kwa wanaume wenye nguvu wasio na ajira. Yeye alitaka iwe lazima kwa nchi nzima. Alipata nusu ya alichoomba, kwa maana si majimbo yote yaliyoitumia ruhusa ile.

Tena walikuwako waliomlaumu ya kwamba vituo vyake vilikuwa vikali mno, na ya kwamba alimtazama mfanyakazi kama mtu wa kuhurumiwa kuliko mtu mwenye haki. Lawama hiyo twaona ina uzito. Lakini katika siku zile zile za barazani alizizuru nyumba za Berlin walimolala maelfu ya wasio na makao, wamesongamana usiku kucha, na mwaka 1905 akaanzisha Hoffnungstal nje ya mji. Huko alishikilia neno moja, ambalo wengine waliliona ni la gharama bure: kila mwanamume awe na chumba chake mwenyewe, hata kikiwa kidogo, chenye mlango wa kufunga.

Alifariki tarehe 2 Aprili 1910. Sheria ile ya mwaka 1870 iliondolewa mwaka 1924. Nyumba za kazi ya lazima zilifutwa katika Ujerumani ya Magharibi mwaka 1969.