David Bruce: Tabibu aliyefichua siri ya mbung'o

KWA mfugaji wa Mokowe na maeneo mengine ya Lamu bara, mbung'o ni adui wa siku nyingi. Ng'ombe aliyeambukizwa naye hukonda hata malisho yakiwa tele, maziwa hupungua na mimba huharibika. Aliyebaini chanzo cha maradhi hayo, yaitwayo nagana, ni David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza.

Bruce alizaliwa Mei 29, 1855 mjini Melbourne, Australia, na wazazi waliotoka Scotland. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka wa 1881 kabla ya kujiunga na jeshi. Akiwa kisiwani Malta, alitambua kijidudu cha homa iliyokuwa ikiwasumbua wanajeshi. Leo ugonjwa huo, ambao binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, huitwa bruselosi kutokana na jina lake.

Mwaka wa 1894 alitumwa Zululand, Afrika Kusini, kuchunguza nagana. Akisaidiwa na mkewe, Mary Elizabeth, aliyekuwa stadi wa hadubini, aligundua vimelea katika damu ya ng'ombe wagonjwa. Alithibitisha kuwa mbung'o ndiye mwenye kuvisambaza, na kwamba wanyamapori kama vile nyati hukaa navyo bila kudhurika. Vimelea hivyo vikapewa jina la Trypanosoma brucei.

Wakati huo huo, janga jingine lilikuwa likizuka kandokando ya Ziwa Victoria. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwaangamiza watu. Vimelea vilipofika katika ubongo, mgonjwa alilala mchana, akakesha usiku, akarukwa na akili na hatimaye kufariki. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walipoteza maisha.

Bruce alifika Entebbe mwaka wa 1903. Alimkuta mtaalamu Mwitaliano, Aldo Castellani, ambaye alikuwa ameviona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Baadaye ulizuka mvutano mkali kuhusu nani kati yao alistahili sifa.

Ushahidi kuhusu mbung'o, hata hivyo, ulitegemea watu wengine. Kwa msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, machifu waliagizwa kukamata nzi na kuwapeleka Entebbe, wakieleza walikotoka. Bruce alizichora taarifa hizo kwenye ramani, na ikadhihirika kuwa palipokuwa na malale palikuwa pia na mbung'o.

Uvumbuzi huo uliokoa maisha, lakini kwa gharama kubwa. Serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa ufuoni na visiwani, wakapoteza makao, mashamba na uvuvi wao.

Bruce alifariki jijini London Novemba 27, 1931, wakati ibada ya kumkumbuka mkewe, aliyeaga dunia siku chache awali, ilipokuwa ikiendelea.

Kazi aliyoianza haikuishia hapo. Mwaka wa 1966, watafiti walimpata ng'ombe huko Alego, Nyanza, akiwa na vimelea vya malale ya binadamu. Ilibainika kuwa ng'ombe aonekanaye mzima anaweza kuwa hifadhi ya maradhi yanayoharibu ubongo wa mwenye kumfuga. Mlipuko wa Soroti, Uganda, uliozuka mwaka wa 1998, ulihusishwa na ng'ombe waliouzwa mnadani wakitoka maeneo yenye malale.

Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Nagana, hata hivyo, ingalipo katika mifugo. Haina chanjo, kwa kuwa vimelea hubadilisha umbo la nje kila mara mwili unapoanza kuvitambua. Mitego ya mbung'o na upimaji wa damu ya ng'ombe ni miongoni mwa silaha zilizopo, nazo hufaa zaidi mfugaji anapotoa habari mapema za mnyama anayekonda, kama walivyofanya machifu wa Kagwa kwa kuwapeleka nzi Entebbe.