Hindorf na vikonyo 62 vilivyozaa mashamba ya mkonge

MKONGE unaopandwa kuwa ua wa boma au mpaka wa shamba huko Bariadi na kwingineko mkoani Simiyu si mmea wa asili wa Usukuma. Asili yake ni Mexico, na aliyeuingiza nchini ni Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa mwaka 1863.

Hindorf aliitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitafuta zao la kuiingizia fedha. Alisoma habari za mkonge katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, akaona kuwa ungestawi Tanga. Tatizo likawa miche. Mexico haikutaka mali yake itajirishe wengine. Lakini mmea huo ulikwishavuka kwenda Florida, Marekani, tangu miaka ya 1830, kwa juhudi za balozi mdogo wa Marekani, Henry Perrine. Huko ndiko Hindorf alikoagiza vikonyo 1,000. Wapo wanaosimulia kuwa vilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Ni simulizi tamu, ila aliyenunua kwa muuza miche hana haja ya mamba.

Mzigo ulipitia Hamburg. Ulipofika Tanga mwaka 1893, vikonyo vilivyokuwa hai ni 62 tu. Kwa hesabu ya biashara, hiyo ni hasara ya karibu asilimia 94 kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Hindorf hakuagiza upya. Hivyo 62 vilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kufikia mwaka 1898 vilikuwa vimezaa mimea 63,000.

Siri iko kwenye mmea wenyewe. Ukichomeka kipande cha jani la mkonge ardhini kitaoza, tofauti na mkonge pori, ule wa majani ya madoa ambao watu wa mjini huuweka kwenye makopo sebuleni, ambao kipande cha jani lake hutoa mizizi. Mkonge wa Hindorf huzaa kwa njia mbili. Kwanza ni maotea yanayochomoza kando ya shina. Pili ni vikonyo, yaani miche midogo inayoota juu ya mlingoti baada ya maua kudondoka. Mlingoti mmoja huweza kutoa vikonyo zaidi ya 1,000, kisha mmea mama hufa. Ndiyo maana mkulima anayekata mlingoti ukiwa mchanga ili apate mti wa kujengea huwa amekata na kitalu chake.

Vikonyo huokotwa vile vikubwa na vyenye afya, hukaa kitaluni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, ndipo hupelekwa shambani. Kwa Simiyu, ardhi ya luseni yafaa kuliko mbuga, kwa sababu mkonge huvumilia ukame lakini hauvumilii maji yaliyotuama. Na kwa kuwa kikonyo ni nakala ya mama, ukiokota kwenye mmea dhaifu utavuna udhaifu uleule shamba zima.

Kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa linauza nje zaidi ya tani 20,000 za singa. Sifa ya kuleta mbegu ni ya Hindorf, lakini jembe na panga havikuwa vyake. Waliolima na kukata ni manamba, wakiwamo Wasukuma na Wanyamwezi waliosafiri hadi Tanga kwa ujira mdogo, na historia ya zao hili huwataja kwa uchache mno.

Hindorf alifariki dunia mwaka 1954. Wakati huo watafiti wa Mlingano, Tanga, walikuwa wakishughulikia chotara namba 11648, ambaye mmea wake mmoja huweza kutoa majani 600 hivi katika maisha yake, wakati ule wa Florida hutoa 200 hadi 250.