Mpiga Kinanda wa Madeleine: Maisha ya Camille Saint-Saëns

Katika kurasa zilizotangulia mmesoma historia ya kwaya yetu na majina ya waanzilishi wake. Kurasa hizi tumezitenga kwa mtu ambaye hakuwahi kutujua, ingawa sisi tunamjua kuliko tunavyodhani. Wimbo wa Tollite Hostias tunaouimba kila Noeli ni wake. Umetoka katika oratorio ya Noeli aliyoiandika mwaka 1858. Na leo, baada ya baraka ya mwisho, mpiga kinanda wetu atapiga sehemu ya simfonia yake ya tatu wakati wa maandamano ya kutoka. Jina lake ni Camille Saint-Saëns. Wanaotatizika kulisoma waseme Kamii Sen-Sans, hawatakuwa mbali.

Tumemchagua kwa sababu kwaya yetu imetimiza miaka 50, na simfonia hiyo aliiandika akiwa na umri huohuo. Ni kazi kubwa ya kinanda cha mabomba na okestra, na ili kuielewa ni lazima kwanza tumwelewe mwenyewe.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 9 Oktoba 1835. Baba yake, karani katika Wizara ya Mambo ya Ndani, alifariki kwa kifua kikuu mtoto akiwa na miezi michache tu. Kwa kuhofia kwamba mtoto naye angeshikwa na ugonjwa huo, walimpeleka Corbeil, nje ya jiji, akakaa kwa mlezi miaka miwili. Aliporudi alilelewa na wanawake wawili: mama yake Clémence, na Charlotte Masson, shangazi wa mama yake. Bibi huyu ndiye aliyemkalisha mbele ya piano kabla hajatimiza miaka mitatu. Kabla ya kufika minne, mtoto alikuwa ameshaandika kipande chake cha kwanza.

Mwezi wa Mei 1846, akiwa na miaka 10, alisimamishwa mbele ya watu katika ukumbi wa Salle Pleyel. Alipiga kazi za Mozart na za Beethoven pamoja na okestra, zote kwa kichwa. Alipopigiwa makofi, akawaambia wasikilizaji wachague yoyote kati ya sonata 32 za Beethoven, naye angewapigia bila karatasi. Walimu wa shule ya Jumapili wasome hapo mara mbili!

Akiwa na miaka 13 aliingia Conservatoire, chuo kikuu cha muziki cha Paris, na mwaka 1851 akapata tuzo ya kwanza ya kinanda cha mabomba. Mwaka 1853 akawa mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Merri, na kutoka 1858 hadi 1877 alihudumu katika kanisa la La Madeleine, mojawapo ya makanisa makubwa ya jiji hilo. Hiyo ni karibu miaka 20 ya Misa, harusi na mazishi. Mpiga piano mashuhuri Franz Liszt alipomsikia hapo alitangaza kwamba duniani hakuna mpiga kinanda anayemshinda.

Waumini wa Madeleine walikuwa watu wenye mali, na wengi walipenda nyimbo nyepesi za jukwaani. Inasimuliwa kwamba padre mmoja alimwendea kumwomba apige muziki wa namna hiyo ili kuwaridhisha. Saint-Saëns akamjibu kwamba siku atakayosikia mahubiri yakitolewa kwa lugha ya jukwaani, yeye naye atabadilisha muziki, si kabla ya hapo. Tunawaachia walimu wa kwaya jibu hilo walihifadhi. Hatusemi walitumie.

Wengi wetu tumezoea kinanda cha umeme, kwa hiyo tueleze kidogo kinanda cha mabomba ni kitu gani. Ni chombo cha upepo. Ndani yake mna mamia, pengine maelfu ya mabomba ya mbao na ya madini, na kila bomba hutoa sauti moja tu, kama filimbi. Bomba fupi kabisa halizidi urefu wa kalamu. Refu linaweza kufika karibu mita 10, na sauti yake ni nzito kiasi kwamba unaihisi kifuani na kwenye benchi ulilokalia kabla sikio halijaitambua. Mpigaji hutumia mikono kwenye safu za vibao na miguu kwenye vibao vikubwa vya chini, huku akivuta vishikio vya kuchagua ni mabomba gani yalie. Zamani za Saint-Saëns hapakuwa na umeme wa kusukuma hewa. Wanaume walijificha nyuma ya kinanda wakisukuma mivukuto, na wakichoka, muziki nao ulichoka.

Mtu aliyekaa kwenye chombo hicho miaka 20 anajua jambo ambalo mgeni halijui: kazi kubwa ya mpiga kinanda kanisani ni kungoja. Anangoja masomo yaishe, anangoja padre, anangoja kwaya ipumue. Anapiga chini kabisa watu wakipokea Komunyo, na mara moja tu, mwishoni, anafungua mabomba yote. Tukiisikiliza simfonia yake tutaona kwamba imejengwa hivyo hasa.

Lakini kabla ya simfonia kuna habari ya huzuni. Mwaka 1875, akiwa na miaka 39, alimwoa Marie-Laure Truffot aliyekuwa na miaka 19. Wakajaliwa wana wawili. Mwaka 1877 rafiki yake Albert Libon alifariki na kumwachia faranga 100,000 ili aache kazi ya Madeleine na kutunga tu. Kwa shukrani, Saint-Saëns alimwandikia Misa ya wafu, na akaimaliza kwa siku nane. Iliimbwa kwa mara ya kwanza Paris, katika kanisa la Saint-Sulpice, tarehe 22 Mei 1878. Siku sita baadaye mwanawe mkubwa André, mwenye miaka miwili na nusu, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne akafa. Wiki sita zilipopita, mdogo wake Jean-François naye alifariki kwa nimonia, akiwa na miezi saba.

Saint-Saëns alimlaumu mkewe kwa kifo cha André. Waliendelea kuishi nyumba moja kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1881, wakiwa likizoni, akaondoka bila kuaga na hakurudi tena. Hatuwezi kumtetea kwa hilo. Mama huyo kijana alikuwa amezika watoto wale wale aliowazika yeye.

Kuna jambo la pili ambalo wanakwaya wawili watatu walituuliza tulipopanga programu hii. Katika utu uzima wake imani ya Saint-Saëns ilipoa, na maandishi yake ya baadaye yanaonyesha wazi kwamba hakuwa tena mtu wa dini. Je, inafaa muziki wake upigwe kanisani? Kamati ilijadili, na tukakubaliana kwamba inafaa. Aliyemhudumia mwumini wa Paris kila Jumapili kwa miaka mingi alifanya kazi yake kwa uaminifu, na kazi hiyo ipo. Mambo ya moyoni mwake hayakuletwa mbele ya kamati yetu.

Simfonia ya tatu iliagizwa na chama cha muziki cha London, Philharmonic Society. Saint-Saëns aliiongoza mwenyewe katika ukumbi wa St James's Hall tarehe 19 Mei 1886, na usiku huohuo alikuwa ameshakaa kwenye piano kupiga konseto ya nne ya Beethoven. Baadaye alisema kwamba ameitia simfonia hiyo kila alichoweza kutoa, na kwamba hatafanya tena jambo kama hilo. Akashika neno lake. Aliishi miaka 35 zaidi na hakuandika simfonia nyingine.

Mnapoitafuta kwenye simu zenu, na muitafute nzima, msikilize dakika zote 35 hivi. Inaanza polepole, kisha vyombo vya nyuzi vinaingia na mdundo wa haraka wenye wasiwasi, kama mtu anayetembea chumbani usiku akikosa usingizi. Wimbo huo uko katika maina, na wengi wanausikia ndani yake mwangwi wa wimbo wa kale wa Misa ya wafu. Kinanda kiko kimya. Zinapita kama dakika 10 hivi kabla hakijasikika, na kinapoingia hakingurumi hata kidogo. Kinashika sauti ndefu za chini, na juu yake violini zinaimba wimbo wa taratibu. Binafsi, sisi tulio ofisini mwa kwaya tunaipenda sehemu hii kuliko ile maarufu.

Sehemu ya pili inaanza kwa ukali, piano nayo inakimbia huku na huku. Kisha vyombo vinashuka, vinanyamaza, na ghafla kinanda kinafungua mabomba yake kwa nguvu zote: do, mi, so katika C meja. Aliyelala huamka. Baada ya hapo violini zinaleta wimbo laini, huku watu wawili kwenye piano moja wakimwaga noti juu yake kama matone ya mvua kwenye mabati, mpaka kinanda na tarumbeta wanauchukua wote kwa pamoja. Sikilizeni vizuri wimbo huo. Ni ule ule wa mwanzoni, wa mtu asiyepata usingizi, ila umepunguzwa mwendo na kutolewa kwenye maina kupelekwa meja. Njia hii ya kugeuza wimbo mmoja kwa sura nyingi Liszt alikuwa bingwa wake. Liszt alifariki Julai 1886, miezi miwili baada ya onyesho la London, na simfonia ikachapishwa kwa kumbukumbu yake. Ndiye aliyemsaidia pia mwaka 1877 opera yake ya Samsoni na Delila ionyeshwe Weimar, Ujerumani, wakati kumbi za Ufaransa zilikuwa zimeikwepa.

Mama yake alifariki mwaka 1888, na tangu hapo Saint-Saëns akawa mtu wa safari. Alilipenda sana bara letu, hasa Algeria na Misri. Konseto yake ya tano ya piano aliitunga Luxor mwaka 1896, na ndani yake mna wimbo wa mapenzi wa Kinubi aliousikia ukiimbwa na wanamashua wa Mto Nile. Konseto hiyo aliipiga mara ya kwanza mwezi Juni mwaka huohuo, katika Salle Pleyel, kusherehekea miaka 50 tangu alipopiga pale akiwa mtoto wa miaka 10. Hiyo ndiyo iliyokuwa jubilei yake ya dhahabu.

Alifariki Algiers tarehe 16 Desemba 1921 akiwa na miaka 86. Mwili ulirudishwa Paris, na Misa ya mazishi ikafanyika Madeleine, chini ya mabomba aliyoyapiga ujanani, kabla ya kuzikwa katika makaburi ya Montparnasse. Miongoni mwa waombolezaji, mahali pasipoonekana sana, alikaa mwanamke aliyejifunika uso kwa shela. Alikuwa Marie-Laure. Hawakuwa wameonana kwa miaka 40.