GEORG SIMON OHM: MTOTO WA FUNDI MAKUFULI ALIYEUPIMA UMEME

Wale wa sekondari bila shaka mmekutana na kanuni isemayo V = I × R, na baadhi yenu mmeikariri usiku wa kuamkia mtihani. Safari hii tumeona tuwaletee habari za mtu aliyeitafuta kanuni hiyo, kwani ni fupi kuiandika lakini mwenyewe alihangaika nayo miaka, na mwisho akaacha kazi kwa ajili yake.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake, Johann, alikuwa fundi makufuli, na mama yake, Maria, alikuwa binti wa fundi cherehani. Walizaa watoto saba, wakakua watatu tu. Mama naye alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Mzee Johann hakupata shule ya maana. Alijisomea mwenyewe mpaka akafika mbali, kisha akawafundisha wanawe wawili, Georg na Martin, hisabati na fizikia pale pale nyumbani. Georg alipokuwa na miaka kumi na tano, profesa mmoja wa chuo kikuu cha mji huo, Langsdorf, alimhoji akastaajabu. Wazazi mnaosoma ukurasa huu, mkumbukeni fundi huyo: Martin naye alikuja kuwa profesa wa hisabati.

Mwaka 1805 Georg aliingia chuo kikuu, na hapo akajisahau. Ikawa ni dansi, biliadi na kuteleza juu ya barafu. Baba alipoona muda unapotea bure alikasirika, na baada ya mihula mitatu kijana akaondoka chuoni. Akaenda Uswisi kufundisha hesabu, na huko akajisomea kwa bidii kama alivyofanya baba yake. Alirudi Erlangen, na mwaka 1811 akapata shahada ya udaktari. Kipato kilikuwa kidogo mno, ikabidi arudi kufundisha mashuleni, mpaka mwaka 1817 alipopata nafasi mjini Cologne katika shule yenye maabara nzuri.

Wakati huo betri ya Volta ilikuwa imeshajulikana tangu mwaka 1800. Watu waliona mkondo wa umeme ukipita kwenye waya, lakini hakuna aliyekuwa amechapisha hesabu ya kueleza ni mkondo kiasi gani utapita kwenye waya gani. Ohm akachukua waya za urefu mbalimbali, akawa anaziunga moja moja na kupima mkondo kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa, ambayo hugeuka umeme unapopita karibu yake. Jibu lake la kwanza, alilolichapisha mwaka 1825, lilikuwa na kosa! Betri za siku zile nguvu yake ilikuwa ikipanda na kushuka, na ukipima kwa mizani inayochezacheza hupati uzito wa kweli. Mwanasayansi mwenzake, Poggendorff, akamshauri aiache betri. Badala yake Ohm aliunganisha shaba na madini ya bismathi, kiungo kimoja akakiweka kwenye joto la maji yanayochemka na kingine kwenye baridi ya barafu. Tofauti hiyo ya joto huzalisha umeme kidogo sana, lakini hautikisiki. Mwaka 1826 hesabu ikakaa sawa.

Alichokiona ni hiki: volteji ikiongezeka mara mbili, mkondo nao huongezeka mara mbili, ukinzani wa njia nzima ukiongezeka mara mbili, mkondo hupungua nusu. Kwa hiyo ukinzani ni volteji kugawanya kwa mkondo. Tuchukue pasi ya kunyooshea kanzu. Ikiwa umeme wa nyumbani ni volti 230 na pasi inavuta ampea 5, basi 230 ÷ 5 = 46, yaani ukinzani wake ni omu 46. Nguvu yake hupatikana kwa kuzidisha: 230 × 5 = wati 1150. (Hii ya joto si ya Ohm, ni Joule, Mwingereza, aliyeonyesha mwaka 1841 jinsi mkondo na ukinzani vinavyozaa joto.) Ila angalieni: waya ukipata moto ukinzani wake hubadilika, kwa hiyo waya wa taa ya zamani ukiwa baridi hautoi jibu lile lile la ukiwa unawaka.

Mwaka 1827 Ohm alitoa kitabu chake mjini Berlin, akitarajia kitamfungulia mlango wa chuo kikuu. Mlango haukufunguka. Wasomi wengi wa kwao hawakupenda fizikia iliyojaa hisabati, na kitabu kikapokelewa kwa ubaridi. Kwa uchungu aliacha kazi ya Cologne mwaka 1828, akaishi Berlin kwa kufundisha vipindi vichache vya hesabu. Kazi ya kueleweka aliipata mwaka 1833 huko Nuremberg.

Heshima ilianzia ugenini. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimtunuku nishani ya Copley, na hapo ndipo wengi wa kwao nao wakageuza shingo. Uprofesa wa fizikia mjini Munich, aliokuwa akiutamani tangu ujana, aliupata mwaka 1852 akiwa na miaka 63. Aliufaidi miaka miwili tu, kwani alifariki tarehe 6 Julai 1854. Hakuwahi kuoa. Mwaka 1881 mkutano wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris ulikubali kipimo cha ukinzani kiitwe kwa jina lake.

Zoezi: birika la umeme linavuta ampea 8 kwenye volti 230. Tafuta ukinzani wake na wati zake, umpelekee mwalimu wako wa fizikia asahihishe.